Nilivyofundisha vipeo vya sehemu bila kuanza na kanuni

Zamani nilianza na kanuni ubaoni: asili ya sehemu (namba ya chini) ndiyo kipeuo, yaani namba ipi ikijizidisha mara hizo inarudisha tuliyonayo; kiasi (namba ya juu) ndicho kipeo, yaani namba inajizidisha mara ngapi. Wanafunzi walinakili vizuri. Wiki moja baadaye nikiuliza 16 yenye kipeo cha ½ ni ngapi, wengi wanajibu 8. Nikawa narudia kanuni ileile, na wao wanarudia 8 ileile. Kwao, nusu ikionekana popote, gawa kwa 2.

Safari iliyofuata kanuni niliiacha. Niliandika wanayoyajua: kipeo kikiwa 0 jibu ni 1, kikiwa 1 jibu ni 16. Je, kikiwa ½? Wakasema 8. Sikubisha, nikawaomba tuipime. Walishazoea kwamba ukizidisha namba ileile yenye vipeo, vipeo vinajumlishwa. Nusu na nusu ni 1, kwa hiyo jibu letu likizidishwa lenyewe kwa lenyewe lazima lirudishe 16. Binti mmoja akaandika 8 × 8 = 64, akatulia, akafuta, akaandika 4 × 4. "Mwalimu, kumbe ni kipeuo cha pili!" Neno kipeuo sikuwa nimelitamka siku ile. Nilifurahi mno.

Kipeo cha ⅓ walikimaliza wenyewe: theluthi tatu zinafanya 1, basi 8 inatoa 2. Kwenye 27 yenye kipeo cha 4/3 niliwaacha wahangaike makusudi. Walioanza na kipeo walifika 531,441 wakakwama; walioanza na kipeuo walipata 3, kisha 81, wakaweka kalamu chini. Njia zote mbili ni sahihi, lakini tangu hapo hakuna aliyehitaji kuambiwa aanze na ipi.

Kilichonipa kazi ni namba hasi. Kijana mmoja alichukua −8 yenye kipeo cha ⅓ akapata −2. Kisha akaandika ⅓ kama 2/6: −8 mara −8 ni 64, kipeuo cha sita cha 64 ni 2. Sehemu ni ileile, majibu mawili! Akaniuliza lipi la kweli. Nilimwambia swali lake ni zuri kuliko somo nililoandaa, tukakaa nalo hadi kipindi kikaisha. Siku hizi, kabla sijaandika kipeo chochote cha sehemu, naandika kwanza sharti kwamba namba inayobeba kipeo iwe kubwa kuliko sifuri, na mfano wa kijana yule naufanya pale pale ubaoni.