Dakika kwa kilomita: ninavyopanga kasi ya mazoezi Nairobi

Kasi zangu zote za mazoezi hutoka kwenye kipimo kimoja: kilomita 5 uwanjani, kwa nguvu zote, nikiwa nimepumzika. Muda ninaoutamani kwa mbio zijazo hauingii kwenye hesabu, maana utafanya mazoezi kwa pumzi uliyo nayo leo.

Uwanja wa mita 400 utakudai raundi 12 na nusu. Kaa leni ya kwanza. Ya nane ina karibu mita 453 kwa raundi, na ukiizunguka ukidhani ni 400 utajiona mzembe bure. Pasha mwili dakika 15 kwanza. Tuseme umemaliza kwa 25:00. Hiyo ni 5:00 kwa kilomita, yaani 2:00 kwa raundi na dakika 1 kwa kila mita 200. Angalia saa kila mita 200. Anayefyatuka na raundi mbili za 1:48 hulipa deni kuanzia kilomita ya tatu, na kipimo chake hakisemi kweli tena.

Kutokana na 5:00 hiyo, hugawa hivi: mbio nyepesi 6:10 hadi 6:45 kwa kilomita, tempo 5:20 hadi 5:25 kwa dakika 20, kasi inayokuachia maneno matatu manne tu kabla ya kuvuta pumzi, na marudio ya mita 800, kila moja kwa dakika 4, mara 5 au 6, nikijikokota dakika 2 au 3 katikati. Hurudia kipimo baada ya wiki 6 hadi 8. Katikati hapo sigusi namba, hata nikijisikia simba.

Zinazoharibika zaidi ni mbio nyepesi, hasa mkiwa kundi. Mnaingia msitu wa Karura kwa 6:30 mkipiga soga, mtu anawapita, na kufika kilomita ya nne wote mko 5:40 na soga imekwisha. Kasi hiyo haifikii tempo, lakini inachosha miguu kiasi cha kuua marudio ya keshokutwa. Mimi huachia kundi liende. Kama huwezi kumalizia sentensi ndefu kwa pumzi ya kawaida, punguza, haijalishi saa inasema nini.

Saa yenyewe ina uongo wake. Chini ya miti ya Karura au kati ya maghorofa ya mjini, kasi ya papo hapo huruka kutoka 5:10 hadi 6:20 nawe hujabadilisha hatua, kwa kuwa mawimbi ya GPS yanakatizwa. Weka kioo kionyeshe wastani wa kilomita unayokimbia. Uwanjani bonyeza raundi kwa mkono. Zima pia ile hali ya saa kujisimamisha yenyewe kwenye taa za barabarani, la sivyo itakuficha mapumziko uliyopata na kukusifu kwa tempo ambayo hukuikimbia. Na ukiona 8:03 ghafla, usishtuke: programu inahesabu kwa maili, na hiyo ni 5:00 yako ileile.

Halafu kuna jiji. Nairobi hupanda kadiri unavyoelekea magharibi, kwa hiyo Ngong Road kutoka mjini hadi Dagoretti Corner ni mlima wa polepole usioonekana kwa macho. Ukishikilia 5:20 kwenda huko, unafanya kazi ya 5:00. Ukirudi kwa 5:20, umepumzika. Kwenye barabara hiyo mimi hufuata pumzi, na tempo ya namba huipeleka uwanjani.

Mwinuko nao una sehemu yake. Tuko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa hapa ina shinikizo pungufu kwa takriban moja ya tano, yaani oksijeni pungufu kwa kila pumzi. Mkenya Kelvin Kiptum alipokimbia marathoni kwa 2:00:35 mwaka 2023, wastani wa 2:51 kwa kilomita, alikuwa Chicago, mji ulio karibu mita 180 tu juu ya bahari. Kwa hiyo muda uliopatikana kwenye mbio tambarare za ng'ambo usiutumie kupanga marudio ya uwanja wa Nyayo hapa Nairobi. Utakata pumzi kwenye 800 ya tatu. Pima hapa, fanya mazoezi hapa.

Kwa nusu marathoni chini ya saa 2, unahitaji wastani wa 5:41. Mimi ningetoka kwa 5:50 kilomita 2 za kwanza, watu wakiwa bado wamebanana, kisha 5:40 thabiti.