Nilivyomtetea Pantani

Kabla sijafungua kibanda cha kutengeneza baiskeli hapa Uyole, Mbeya, nilikuwa nafuata viazi Isyonje. Kurudi ni mteremko, gunia limefungwa nyuma kwa mipira. Kwenda ndiko kulikoniumiza: baiskeli tupu, lakini mlima ukikaza unashuka, unasukuma. Ndiyo maana siku kijana mmoja aliponionyesha video ya mwendesha baiskeli wa mashindano, Marco Pantani, kwenye simu, spana ilibaki mkononi.

Mwitaliano mwembamba, kipara, kitambaa kichwani. Mlima ukianza anakitupa kile kitambaa, anasimama kwenye pedali, anaondoka. Julai 1998, kwenye mvua na baridi, alichomoka mlima Galibier kule Ufaransa, na hadi mwisho wa siku mpinzani wake Mjerumani, Jan Ullrich, alikuwa nyuma yake karibu dakika 9. Giro d'Italia, mbio kubwa za baiskeli za Italia, alikuwa ameshaichukua mwaka huohuo. Akaongeza na hiyo ya Ufaransa, Tour de France.

Tarehe 5 Juni 1999, akiongoza Giro, kesho yake wafike Milan, walimpima damu asubuhi. Chembe nyekundu zilikuwa asilimia 52 ya damu yake, kikomo kilikuwa 50. Akaondolewa.

Kinachotiliwa shaka damu ikisoma hivyo ni EPO. Figo zetu zenyewe huitengeneza ili mwili uongeze chembe zinazobeba oksijeni. Sisi wa milimani hewa nyepesi hutusaidia kidogo. Ya sindano inazidisha mno, damu inakuwa nzito, moyo unahangaika.

Yeye alikana, nami nilimtetea kibandani kwa sauti kubwa. Nilisema kile kipimo kilisoma wingi wa chembe tu, hakikuonyesha dawa. Nilisema wamemwonea. Halafu nikasoma ripoti ya Seneti ya Ufaransa ya 2013: mkojo wake wa Tour ya 1998 ulipopimwa upya ulikutwa na EPO. Tour ileile ya mvua. Siku hiyo nilifunga mapema.

Alikufa tarehe 14 Februari 2004 hotelini Rimini, peke yake, kwa kokeini. Miaka 34. Hilo linanigusa kuliko ushindi wake wote, na sipendi mtu amcheke mbele yangu.

Lakini siku hizi nikiiangalia ile video simtazami yeye. Natafuta wale wa nyuma kwenye ukungu, nikiwaza kama kati yao alikuwepo aliyeupanda ule mlima kwa damu yake tu. Kamera haikai kwao. Inapita, inarudi kwa Pantani.