Weusi umerudi: kumbukumbu ya kibanda cha Kirumba

Tatizo la weusi kutoka kijivu kwenye picha za projekta yetu halikuwa ukuta. Halikuwa kebo. Halikuwa hata projekta, ingawa nimeitukana vya kutosha. Lilikuwa mpangilio mmoja umejificha ndani ya laptopu, na sasa usiku wa filamu ya Mami Wata ni usiku kweli.

Kwa wanaoufuatilia mradi huu, niko palepale: kibanda umiza (kibanda cha mtaani cha kuonyesha video) cha Mjomba, Kirumba jijini Mwanza, juu kidogo ya soko la samaki la Mwaloni, siku zisizo na mpira. Hatukati tiketi. Tunakaa watu wachache tunaopenda filamu ambazo huzikuti kwenye flashi za mtaani, za watengenezaji wa kujitegemea, za mizimu, za kipelelezi, hasa za Afrika. Naandika uhakiki baada ya kuiona filamu mara mbili, sio kabla. Ndiyo maana Mami Wata imekaa muda wote huu bila uhakiki.

Filamu yenyewe ni ya C.J. Obasi wa Nigeria, ya mwaka 2023, nyeusi na nyeupe mwanzo hadi mwisho. Mpiga picha wake, Mbrazili Lílis Soares, alipewa tuzo maalumu ya majaji kwenye tamasha la filamu la Sundance kwa kazi hii. Matukio mengi yako usiku, kijijini Iyi, kando ya bahari: ngozi nyeusi, anga nyeusi, maji meusi, halafu madoa meupe ya rangi usoni na simbi kwenye nywele. Mtu kafanya kazi yote hiyo, ikifika kwenye ukuta wetu inakuwa ukungu. Prisca, mmoja wa wahusika wakuu, anatembea ufukweni, hujui bega lake limeishia wapi na maji yameanzia wapi. Jamaa wa benchi la nyuma akauliza, "Hii walipigia simu?" Roho iliniuma kana kwamba filamu ni yangu.

Nikaanza na kibanda. Mapengo ya bati tuliyaziba kwa magunia, mlangoni tukaweka pazia la blanketi. Kijivu kikabaki. Nikashusha ung'avu kwenye projekta. Kijivu kikapungua na nyuso za watu zikapotea nacho. Nikapandisha kontrasti, simbi zikawaka kama balbu, kijivu hakikusogea. Nikaazima kebo nyingine kwa fundi simu wa Pasiansi, mpya kwenye nailoni yake. Vilevile. Kila mtu alikuwa na hukumu moja tu: projekta ya bei rahisi, unategemea nini? Na kweli hizi projekta ni za uongo. Boksi linakutajia maelfu ya lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga), ukizipima kwa kipimo cha kweli cha ANSI zimebaki mia na kitu. Lakini lumeni ni habari ya weupe. Mimi nilikuwa natafuta weusi.

Kilichonifungua macho ni menyu. Nilibonyeza rimoti nikitaka kupunguza ung'avu kwa mara nyingine, kile kisanduku cha menyu kikajitokeza katikati ya picha, na mandhari yake ilikuwa nyeusi. Nyeusi kweli. Nyeusi kuliko bahari iliyokuwa nyuma yake. Nikasimamisha filamu pale pale, nikasogea ukutani nikaweka mkono kwenye mpaka wa kisanduku na picha. Kumbe mashine inaweza kutoa weusi! Basi weusi wa filamu ulikuwa unapotea kabla ya kuifikia.

Wenye kujua wameshaelewa. Video huhesabu weusi kuanzia 16 na weupe kuishia 235; kompyuta huhesabu 0 hadi 255. Laptopu ikiona picha ya 1080p kwenye kebo ya HDMI inadhani imeunganishwa na televisheni, inabana kila kitu kiingie kwenye 16 hadi 235. Televisheni nzuri inajua kufungua hicho kifurushi. Projekta yetu haijui, inapokea 16 na kuionyesha kama 16, yaani kijivu. Hakuna pazia la blanketi litakaloponya ugonjwa huo.

Dawa kwenye Linux yangu ni xrandr, amri ya kupanga skrini: kipengele cha Broadcast RGB, unakiweka Full, yaani 0 hadi 255. Basi. Mstari mmoja. Wenye Windows na kadi ya Intel mtaukuta kwenye programu yake ya picha, sehemu ya quantization range. Laptopu ikizimwa mpangilio unarudi ulivyokuwa, kwa hiyo nimeutia kwenye skripti inayojiendesha kila projekta ikichomekwa. Na tukiwa hapo, niseme tena kuhusu programu ya kuchezea video: mpv, si VLC. VLC ni rafiki wa kila mtu na nitaendelea kuwapa watu, lakini mpv nikiiambia jambo kuhusu rangi inatii na haiongezi lake.

Usiku ule tuliirudia Mami Wata yote. Mjomba, ambaye kwa kawaida husinzia filamu ikishapita nusu, alikuwa amekaa mbele. Ngozi ina mng'ao wa mafuta. Povu la wimbi linaonekana likija kutoka mbali kabla hujaliona limefika. Kuna mahali Prisca yuko gizani na unachokiona ni ile michoro myeupe tu, halafu uso unajitokeza taratibu nyuma ya michoro, na hilo ndilo wazo lote la filamu: kitu cha kale kipo, ila hukioni mpaka uzoee giza.

Sasa uhakiki wenyewe, maana sifa za picha zisinifunge mdomo. Hadithi ni nyembamba. Mama Efe ndiye mjumbe wa mungu wa maji, mtoto anakufa kwa maradhi, watu wanaanza kuuliza faida ya sadaka zao iko wapi, na hapo swali ni kali kabisa. Kisha mawimbi yanamtupa mgeni, Jasper, ufukweni, bunduki zinafuata, na swali kali linageuka kuwa mapinduzi ya kijiji ambayo kila mtu benchini aliyaona yakija. Maneno nayo yanatamkwa kwa uzito mno, kila sentensi kama hotuba ya mzee wa ukoo. Hata hivyo naiweka juu. Filamu zinazotumia mizimu kututisha ni nyingi. Inayouliza kama mzimu bado una kazi kijijini sikumbuki nyingine.

Anayemcheza Prisca ni Evelyne Ily Juhen, na kama uso wake ulikupa shida kuukumbuka, ndiye Awa, yule dada asiyesikia wala kusema katika Saloum ya Jean Luc Herbulot, ya 2021. Nitaifikia Saloum.

Good Madam ya Jenna Cato Bass tuliirudia pia, kwa sababu nusu yake iko kwenye korido zenye kivuli. Afrika Kusini, 2021. Tsidi anahamia na binti yake kwenye nyumba ya Cape Town ambako mama yake, Mavis, amekuwa mfanyakazi wa ndani miaka yote, huku Madam, mwajiri wake, amelala chumbani hajiwezi kwa lolote. Hapa ushauri wangu wa vifaa ni mmoja: zimeni sabufa. Kibanda chochote Mwanza kina sabufa ya kutikisa bati, nzuri kwa magari yanayolipuka, lakini uoga wa filamu hii uko kwenye tambara linalosugua, kwenye brashi, kwenye kijiko kinachogusa sahani. Sauti ndogo za usafi. Sabufa inazimeza zote. Tuliacha spika mbili ndogo tu, na dada mmoja aliyewahi kufanya kazi za ndani alitoka nje kwa muda, akarudi, akasema Mavis anainama vile vile walivyofundishwa wao. Mwisho wake siupendi. Unaeleza kwa kirefu jambo ambalo tambara lilishalisema.

Hiyo ndiyo tofauti yake na Ashkal ya Mtunisia Youssef Chebbi, ya 2022, ambayo haielezi chochote. Miili inakutwa imeungua kwenye majengo yaliyoachwa nusu huko Tunis, wapelelezi wawili wanazunguka kwenye zege, na baada ya mapinduzi yaliyoanzia kwa kijana aliyejichoma moto Sidi Bouzid mwaka 2010, huhitaji kuambiwa moto huo una maana gani. Tulipoiona mara ya kwanza Mjomba aliuliza, "Muuaji nani sasa?" na nusu ya benchi wakataka atafutwe mtu wa kutafsiri kwa sauti juu yake. Nawaelewa, tumelelewa na Lufufu, msimuliaji wetu wa filamu za kigeni, na mwenzake DJ Afro wa Kenya anasikilizwa mpaka huku. Msimuliaji mzuri huiokoa filamu mbovu. Ashkal ataiua, kwa sababu atamtaja muuaji.

Nilipanga kuirudia wiki hii, nipime ule moto juu ya zege kwa weusi mpya. Nimeahirisha. Lawama zote ziende kwa jiwe.

Nyuma ya kibanda kuna jiwe. Mwanza hilo si habari, jiji zima limekaa kwenye mawe, ila hili upande wake mmoja umenyooka karibu kama ukuta. Tulitoa projekta nje kupunga hewa, mtu akaielekeza kule kwa mzaha, na weusi ukawa mzito kuliko ndani! Nilidhani macho yangu. Kumbe granite ni kijivu, na skrini za kijivu zinatengenezwa makusudi kwa sehemu zenye mwanga wa pembeni: zinapunguza weupe kidogo na weusi unanufaika. Bei ya jiwe ni sifuri. Kasoro ni kwamba chembe zake zinaonekana kwenye mashavu ya watu, na picha ukiivuta kubwa inafifia.

Likaja suala la mwezi. Wavuvi wa dagaa huwa majini na taa zao usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kali ndipo wanapumzika. Kwa hiyo watazamaji wa Mwaloni wanapatikana usiku ule ule wenye mwanga. Nilipiga hesabu: mbalamwezi haifiki hata nusu laksi (laksi moja ni lumeni moja kwa kila mita ya mraba). Projekta yetu, hata nikiipa lumeni 100 tu, kwenye picha ya mita za mraba 2 inatoa laksi 50. Mwezi si adui. Adui ni taa ya ulinzi ya duka la jirani, na hilo linazungumzika.

Mgeni akisikia filamu na Mwanza atakutajia Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, ya 2004: sangara, mapanki (vichwa na mifupa yake), ndege za mizigo, na kelele zilizofuata mpaka Rais Kikwete akaikemea hadharani 2006. Mimi naona Sauper anajua kupiga picha gizani kuliko wengi waliomkemea. Ila aliipenda giza yetu kupita kiasi; ukiimaliza filamu ile utadhani hapa hakuna saa nne asubuhi.

Kwenye jiwe nataka kuanza na Saloum. Mamluki watatu wanakimbia mapinduzi ya Guinea-Bissau ya 2003, ndege inawashusha kwenye delta ya Senegal, na viumbe vya huko vinaua kupitia masikio, watu inabidi wavae hedifoni ili wapone. Sehemu ya kwanza, ya maneno na kuviziana mezani, ni bora mara kadhaa kuliko viumbe wenyewe, ambao wanafanana na vumbi la kompyuta. Lakini maji na mikoko yake vikipigwa kwenye granite, na upepo wa ziwa uko hapo hapo, nadhani hata lile vumbi litasamehewa. Kinachonisumbua ni sauti: filamu inayohusu masikio, nje, karibu na barabara ya bodaboda.

Mjomba tayari kanunua chokaa, anataka jiwe liwe jeupe. Tumebishana. Kakubali kusubiri Saloum ipite kwanza, na brashi ya waya ya kuondolea ukoga kaniachia mimi.