Punda kwa Urefu wa Goti

Barabara ya pwani ya Lamu ina nyumba upande mmoja na maji upande wa pili, na siku ya mbio za punda wakati wa Maulidi hapana pa kutia mguu. Mwenyeji wangu alikuwa amenipa nafasi ya kupigia picha ghorofani kwake. Kutoka kule nilipata msururu wa vichwa, kofia za vito, na majahazi yaliyotia nanga. Kwa kuonyesha umati, sehemu bora kuliko ile hakuna. Lakini punda walionekana migongo tu. Ukitazama kwa juu, mwili huficha miguu, na punda asiye na miguu hakimbii hata awe wa kwanza.

Nikateremka. Chini nikamkuta mzee wa studio ya picha, kamera ya lenzi mbili inamning'inia kifuani, zile za kuinamia na kutazama kwenye kioo cha juu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Ukisimama hivyo, nyuma ya punda utapata ukuta wa watu."

Na kweli. Kwa usawa wa macho yangu, rangi ya punda ilimezwa na nguo za watazamaji. Yeye alikuwa amechuchumaa, kamera usawa wa goti. Nami nikapiga magoti kando yake, lenzi yangu ikiwa pana, ya milimita 24. Ghafla punda na mpandaji wakasimama mbele ya anga tupu, watu wakabaki miguu tu kwa chini. Lenzi pana nayo hutia chumvi: cha karibu hukua, cha mbali husinyaa. Kwato lililotangulia lilijaa pembeni mwa picha, na yule punda mdogo akawa na kifua cha farasi.

Mzee akaniachia nijaribu yake. Kwenye kioo kile kulia ni kushoto. Punda anakwenda huku, picha inakwenda kule. Nilimpoteza palepale, mzee akacheka mpaka akakohoa. Filamu yake ilikuwa ya picha 12 tu, na hakuwa na haraka hata kidogo.

Mshindi alikuwa kijana mwembamba. Wapiga picha walimzunguka wamesimama, kamera zote zikimwinamia, naye akainua macho kama anayegombezwa. Mzee akachuchumaa tena. Kutazama kioo kunamlazimu ainamishe kichwa, na kijana alipomwona mtu mzima ameinama mbele yake, mabega yakapanda yenyewe. Hapo nami nikalala kwa kiwiko.

"Na punda aingie," kijana akasema. "Yeye ndiye aliyekimbia."

Mzee akarudi nyuma hatua moja ili masikio yatoshe. Picha yangu ya pale chini ndiyo niliyoisafisha kubwa. Zile za ghorofani huzitoa mtu akibisha kwamba barabara haikujaa.