Siku tuliyolamba mfupa Galula

Mwalimu wa Kiswahili wa shule yetu hajanisamehe mpaka leo. Nilibandika kwenye ubao wa matangazo karatasi yenye maneno mawili, Mnyamawamtuka moyowamkia, na kabla kengele ya chai haijalia alikuwa ameshayakatakata kwa kalamu nyekundu: Mnyama / wa / Mtuka, moyo / wa / mkia. Pembeni kaandika, "Zingatia kanuni za uandishi." Nikamfuata ofisini. Nikamwambia, mwenzangu, hilo si kosa la mwanafunzi. Hilo ni jina la dinosaria, na limeandikwa hivyo dunia nzima tangu 2019.

Akaniangalia kama mtu anayetaniwa. "Dinosaria gani ana jina la Kiswahili?"

Wa hapa kwetu, Madam. Wa hapo chini tu, Galula, ukishuka Mbalizi.

Nafundisha jiografia kidato cha pili, shule ya kata, Mbeya mjini. Ukiwauliza wanafunzi wangu habari za dinosaria watakujibu kwa pamoja kama wimbo: Tendaguru, Lindi, kachukuliwa na Wajerumani, yuko Berlin. Hawajakosea. Mifupa ile ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, ikabebwa vichwani mpaka bandarini Lindi, na mmoja wao amesimamishwa kwenye jumba la makumbusho kule Berlin akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Ila kwa watoto wa huku habari hiyo inafanya dinosaria awe kitu cha Wamakonde na Wajerumani. Sisi Mbeya tunajulikana kwa viazi, baridi na parachichi. Nikasema mwaka huu safari ya darasa si Kimondo tena. Kimondo cha Mbozi nakiheshimu, lakini mwaka jana kazi kubwa iliyofanyika pale ilikuwa kukipanda na kupiga picha.

Barua nilizoandika sitazisimulia zote. Kwa mkuu wa shule, kwa wazazi, kwa mtendaji wa kijiji tunakokwenda. Mchango ulikuwa shilingi 12,000 kwa kila mwanafunzi, wakapatikana 27. Mzazi mmoja hakuwa na hela, akamtuma binti yake na ndoo mbili za viazi mviringo kutoka Uyole, vimefunikwa kwa kanga. Huyo binti ndiye aliyetulisha wote, na nitamrudia.

Kabla ya safari nilitaka wauelewe muda, maana ukimwambia mtoto "miaka milioni mia moja" anaandika kwenye daftari na anasahau hapo hapo. Nikaazima futi kamba mbili kwa fundi cherehani wa Mwanjelwa, nikaziunga kwa pini. Tukakubaliana: sentimita moja ni miaka milioni moja, na mwanzo wa kamba ni leo. Nikamwita mtu aoneshe wale waliotengeneza mashoka ya mawe ya Isimila, kule Iringa, ambayo yana takribani miaka laki tatu. Akapima, akapima tena. Milimita tatu. Ukucha wake uliyafunika yote, na mimi, na Mkwawa, na Wajerumani, na shule yetu. Kwenye sentimita 25 tukaweka sokwe na nyani wa kale waliotangazwa 2013, Rukwapithecus na Nsungwepithecus, ambao nao wametoka kwenye bonde la Rukwa, hili hili tunalokwenda. Wanasayansi walijua umri wao kwa kupima madini ndani ya majivu ya volkano yaliyolala kwenye tabaka lile. Kwenye 66 tukafunga uzi mwekundu: hapo dinosaria wakubwa wakaisha. Kwenye mia moja tukawaweka wa kwetu. Kamba ilikuwa imeshatoka mlangoni. Mwanafunzi aliyeshika 243, kumwakilisha Asilisaurus wa bonde la Ruhuhu kule Ruvuma, alikuwa nje kabisa amesimama juani, anauliza kama anaweza kurudi ndani.

Huyo Asilisaurus ndiye aliyeniwasha. Jina lake kamili ni Asilisaurus kongwe. Si dinosaria hasa, ni ndugu yao wa karibu aliyetangulia kidogo. Nilipoliandika ubaoni, kijana mmoja wa nyuma, ambaye kwenye baiolojia majina ya kisayansi humtoa jasho, akasoma kwa sauti, "kongwe", kisha akanyamaza, kisha akasema, "Madam, si kongwe hii hii?" Ni hii hii. Miaka miwili amekariri majina ya Kilatini kama mtu anayekariri namba za simu za watu asiowajua, na leo jina limemsemesha.

Basi tukaondoka Jumamosi ya mwisho ya Julai, saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya kuvukisha midomo. Coaster ilipata pancha kabla hata hatujaizoea barabara ya vumbi. Dereva akasema dakika ishirini. Ikawa saa moja na nusu, kwa sababu jeki ilikuwa kwenye gari lingine. Nisingeliandika hili, ila lilitufikisha bondeni saa sita jua la utosini badala ya asubuhi, na mtu wa Mbeya akishuka Galula na sweta lake saa sita anaelewa vizuri kabisa maana ya bonde la ufa. Maji moto ya Songwe na mapango ya popo tuliyapita bila kusimama. Wakanung'unika.

Ardhi ya kule ni nyekundu. Si nyekundu ya tofali la kuchoma, ni ya kutu, na pale mito inapokata kingo unaona matabaka yamepangana kama chapati: mchanga mnene, udongo mwembamba, mchanga tena, mstari wa kokoto. Niliwasimamisha mbele ya ukingo mmoja wa korongo nikawaambia wasome kuanzia chini kwenda juu. Mchanga huu uliletwa na mito, zamani ambapo Afrika na Amerika ya Kusini zilikuwa ndiyo kwanza zinaachana. Mnyama akifa karibu na mto kama huo, akafunikwa upesi, maji yenye madini hupenya ndani ya mfupa taratibu, na mwisho kinachobaki ni jiwe lenye umbo la mfupa. Akichelewa kufunikwa, fisi wa zama zake na wadudu humshughulikia kwanza.

Hilo la wadudu walidhani natania. Nikawaeleza habari za Shingopana songwensis, ambaye mifupa yake iligunduliwa 2002 na jina lake likatangazwa 2017. Mifupa yake ina vitundu vya wadudu waliotoboa muda mfupi baada ya kufa. Ni dinosaria wa kula majani, mwenye shingo ndefu, na ndugu zake wa karibu wako Amerika ya Kusini. Shingo pana, wa Songwe. Wanafunzi wangu hawakuhitaji kamusi.

Kijiji kilitupa mzee wa kutusindikiza. Alikuwa ameketi chini ya mti, fimbo mapajani. "Shikamoo babu!" sauti 27. "Marahaba wajukuu zangu. Mmekuja kufagia mlima na nyinyi?" Kumbe aliwahi kuwaona watafiti wakichimba, na kilichomkaa kichwani si mifupa, ni mifagio. Watu wazima, wasomi, wamelala kifudifudi juani wanalifagia jiwe kwa brashi ya rangi, kutwa nzima, na kesho yake wanalifagia lile lile. Halafu mfupa ukishaonekana hawaung'oi. Wanauzungushia magunia yaliyolowekwa plasta, kama mguu uliovunjika unavyofungwa hogo hospitalini, ukikauka ndipo wanaukata na udongo wake chini na kuubeba. "Jiwe linabebwa na watu sita," mzee akasema, "na wanaliambia pole."

Sharti langu lilikuwa moja: macho yafanye kazi, mikono ikae mifukoni. Visukuku, yaani hiyo mifupa iliyogeuka jiwe, ni mali ya nchi, sheria ya mambo ya kale ipo tangu 1964, na hata wataalamu hawachimbi bila kibali. Zaidi ya sheria, mfupa ukiuokota bila kuandika ulitoka tabaka gani, umeuua mara ya pili. Hapo nikawaeleza Rukwatitan bisepultus, aliyetangazwa 2014. Neno la pili ni Kilatini, maana yake aliyezikwa mara mbili: mto wa kale ulimfukua baadhi ya mifupa, kisha ukaifukia upya. Wakakaa kimya wakitafakari. Msichana mmoja akasema, "Basi alikaliwa matanga mawili." Sijapata tafsiri bora zaidi ya hiyo.

Sasa, kulamba. Kosa ni langu. Niliwahi kusoma kwamba watafiti wakitilia shaka kijiwe hukigusisha ulimini, kwa sababu mfupa wa kale una matundu madogo sana yanayonyonya mate, unanata. Jiwe la kawaida halinati. Nikalisema hilo kwa sauti mbele ya watoto wa miaka kumi na tano. Haikupita robo saa, nikasikia ukelele kutoka kwenye bega la korongo: "Kimenata! Madam, kimenata!"

Kijana wetu wa kongwe. Kapiga magoti, ulimi nje, kidole kinaonesha kitu cha rangi ya kahawia kimechomoza kwenye mchanga, kirefu kama kiganja, chenye meno. Meno! Moyo wangu ulipiga, siwadanganyi. Nilikumbuka Pakasuchus, yule mamba mdogo aliyetangazwa 2010, ukubwa wa paka, mwenye magego kama ya mamalia. Jina lake la pili, kapilimai, ni kumbukumbu ya marehemu Saidi Kapilima, mjiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nikaanza kupanga kichwani nani nimpigie simu. Wenzake wamemzunguka, watatu wameshaanza kutoa ndimi.

Mzee akafika polepole na fimbo yake. Akainama. Akakisukuma kwa ncha ya fimbo, kikageuka kirahisi mno.

"Huyu mbuzi," akasema. "Alikufa mwaka juzi."

Mfupa wowote uliokaukia juani, hata wa mbuzi, una matundu, nao unanata. Nilipaswa kulifikiria. Nilipaswa kuwaambia wapime na uzito, maana kisukuku ni kizito kama jiwe, na huu ulikuwa mwepesi kama ganda la hindi. Nikawaagiza wasukutue midomo. Maji ya kunywa yakaisha hapo.

Tukala viazi saa tisa, chini ya mti wa mzee, vimechemshwa na maganda yake kwenye sufuria ya jirani, chumvi na pilipili mbuzi. Binti mwenye ndoo zake alikuwa anagawa, na kila aliyepokea alipewa kazi ya kutaja jina moja na kulifasiri. Hakuniomba ruhusa. Mnyamawamtuka likazua ubishi: mmoja akauliza kwa nini aitwe kwa jina la mto na si la kijiji, mwingine akasema mto ndio uliomtoa. Ni kweli, mifupa yake ilionekana 2004 kwenye Mtuka, mto wa msimu, na alikuwa mnyama ambaye hajamaliza kukua. Ile moyowamkia ni kwa sababu pingili zake za mkia, ukizitazama kwa nyuma, zina umbo la moyo kama la kwenye kadi za harusi. Wavulana walicheka sana. Mzee alitaka kujua kama huyo mnyama analiwa.

Taya la mbuzi tulirudi nalo. Kwa mzee tuliomba, akasema tuchukue na harufu yake. Njiani wengi walilala. Nyuma ya Coaster nilisikia mabishano ya chini chini kuhusu viambishi, yameendelea mpaka Mbalizi, taa za mji zinaonekana.

Jumatatu nilikuta taya limewekwa kwenye kabati la maabara, juu ya pamba, na karatasi imeandikwa kwa mwandiko wa kujikaza: Mbuziwagalula menomanjano. Mwalimu wa Kiswahili alipita, akalisoma, akatoa kalamu nyekundu mfukoni, akairudisha.

Jumanne mkuu wa shule aliniita ofisini, akafunga mlango, akaniuliza kwa sauti ya chini kama tulikuwa na kibali cha kumtoa huyo mnyama Songwe.