Yule mgonjwa mnayemwita msumbufu

Zahanati nyingi hapa Dar zina mgonjwa ambaye akitokea getini tu manesi wanaangaliana, "kaja tena huyo". Leo kichwa, kesho tumbo, keshokutwa moyo unaenda mbio, kapimwa malaria, UTI, kila kitu safi. Jumatatu wewe ndo daktari bora kuliko wote, Alhamisi akikaa sana kwenye foleni anakutukana mbele za watu kisha anaondoka analia.

Mimi ni tabibu huku Mbagala na hili linaniuma sana, maana anaandikiwa diklofenaki ya maumivu na omeprazo ya tumbo, haya anayefuata.

Kuna dada alikuwa anakuja na mikono mirefu siku zote, na joto la Februari mnalijua. Siku hiyo nataka kumpima presha nikamwomba apandishe mkono wa gauni, akasita, nikasubiri tu. Alipopandisha nikaona makovu membamba yamepangana kama mistari ya daftari, mengine bado mabichi. Nikamuuliza taratibu, kabla hujajikata huwa kumetokea nini? Akasema mtu asipopokea simu yangu najua ndo kashaniacha, inanijaa hapa kifuani mpaka nifanye kitu itulie. Faili lote lile nene na hakuna aliyewahi kumuuliza!

Hilo ni tatizo la haiba, yaani la namna mtu anavyohisi na kuhusiana na wenzake, linaloitwa bodalaini: hofu kali ya kuachwa, hasira za ghafla, kujisikia mtupu ndani, kujiumiza. Sio mapepo wala kudeka jamani. Utafiti mmoja uliotoka Marekani 2002 uliangalia wagonjwa 218 wa kliniki ya kawaida kabisa, wenye tatizo hili walikuwa asilimia 6.4, na karibu nusu yao madaktari wao hawakujua kama wana shida yoyote ya akili.

Na watu wanapata nafuu, wengi tu. Tiba yenyewe ni mazungumzo ya muda mrefu, Marsha Linehan aliyeanzisha mojawapo ya tiba hizo alikuja kusema wazi 2011 kwamba naye ujanani alijiumiza hivyohivyo. Kwahiyo rufaa ya Muhimbili andika, ila ujue kwa mtu huyu karatasi ya rufaa inasomeka kwamba na wewe umemchoka, mwambie kwa mdomo wako nenda na ukitoka huko urudi kwangu, mpe na tarehe.

Halafu amitriptilini, ile dawa ya sonona, wenzangu nawaomba, msimpe za mwezi mzima akaweke ndani, akizimeza zote usiku mmoja zinaua. Mpe za wiki, akirudi kuchukua nyingine umwone wewe mwenyewe, sio dirishani.