Kadi tatu kwenye mazabodi moja, hapa Sakina, Arusha

Kazi yangu ni kutengeneza picha za nyumba ambazo hazijajengwa. Natumia Blender, programu ya kuchora picha za 3D. Kwa kadi moja ya michoro (GPU), aina ya GTX 1070, picha ya sebule ilikuwa inakula dakika 40, mteja anapiga simu, Luku inaisha. Nikatafuta nyingine mbili za aina ileile, za mtumba. Tangu Ethereum, sarafu ya kidijitali, iachane na uchimbaji wa kadi Septemba 2022, wachimbaji waliziuza na zimekuwa zikipatikana.

Mazabodi yangu (bodi kuu ya kompyuta) ina sloti mbili ndefu na fupi za x1. Mbili zikakaa vizuri. Ya tatu nikaitoa nje ya keisi kwa raiza, yaani waya na kibodi kidogo cha kuunganisha kadi na sloti kwa mbali. Sloti fupi haina shida kwa kazi hii. Inachelewesha kidogo kupakia picha tu, hesabu zenyewe zinafanyika ndani ya kadi.

Nilipokosea ni umeme. Raiza ilikuja na waya wa kuchomeka kwenye plagi ya SATA, ile ya hadi disiki, nami nikachomeka bila kuuliza. Robo saa baadaye nasikia harufu, nikadhani jirani anachoma taka. Kumbe plagi inayeyuka! SATA inabeba kama wati 54 kwenye volti 12, na kadi inaruhusiwa kuvuta hadi 75 kupitia sloti. Fundi mmoja wa Kaloleni aliigeuza plagi hiyo mkononi akacheka: “Kaka, hapa ulikuwa unapika.” Akanipa raiza ya pini 6 na pawa saplai ya wati 850, maana kadi tatu peke yake ni wati 450.

Bado Windows iliona mbili tu. Nikabadilisha waya, sloti, draiva, Jumamosi yote ikaisha. Dawa ilikuwa ndani ya BIOS, mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka: “Above 4G Decoding”, inayoipa kompyuta nafasi ya anwani za kutosha kwa kadi nyingi, ilikuwa imezimwa. Kuiwasha tu, ya tatu ikatokea. SLI, ile ya kuunganisha kadi zifanye kazi kama moja, sikuihitaji, kwenye mipangilio ya Blender unaweka tiki zote tatu, basi.

Ila usidanganyike na kumbukumbu. GB 8 mara tatu hapa si 24, kwa sababu kila kadi inabeba picha nzima. Nilipojaza miti kwenye bustani ya nyumba moja ya Njiro, zote ziligoma kwa pamoja, ikabidi nipunguze majani.

Sasa sebule inatoka kwa dakika 15 hivi. Keisi iko wazi ubavuni, na baridi hii ya Juni paka wa mwenye nyumba amehamia hapo. Nimeweka wavu asije akaingiza mkia kwenye feni.